Je, wale wa kwenye riyaliti ni wajinga kweli?

SWALI: Assalaam aleikum. Sisi tuko Kisauni. Jioni baada ya Isha nyumba nzima hukaa mbele ya runinga tukatazama vipindi vya riyaliti, vya hapa na vya ng'ambo, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Juzi msichana mmoja aliulizwa mji mkuu wa Australia akasema Sydney. Baadaye, akiwa peke yake mbele ya kamera, akauliza kama Afrika Kusini ni nchi au ni upande tu wa bara. Binti yangu Salma, aliye kidato cha tatu, alikata kile kipande akakirusha TikTok na maneno "kichwa maji", na watu wengi wamekitazama. Mume wangu asema hakuna ubaya, wamejitakia wenyewe. Mimi moyo hautulii. Je, watu hawa ni wajinga kiasi hicho au tunachezewa? Nimkataze Salma? Na mpwa wangu wa Mtwapa ameitwa usaili wa kipindi kama hicho, tumwambie nini? – Mama Salma

JIBU: Waaleikum salaam, Mama Salma.

Umeuliza matatu kwa mpigo, na la kwanza ndilo litakalokula nafasi kubwa. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kompyuta mbili mbele yangu na kahawa chungu kando, nikikata na kuunga picha za vipindi vya namna hiyo. Siku hizi nafundisha vijana kazi hiyo hapa Mombasa. Basi nakujibu kwa ninavyoijua kazi yenyewe: mnachezewa. Na mnachezewa na watu hodari, ambao mara nyingi hawahitaji hata kusema uongo.

Anza na yule msichana wa Sydney. Nyinyi pale sebuleni mliona swali moja na jibu moja. Fikiria kilichokuwa nyuma yake. Vipindi vya kufungia watu nyumbani vilishika kasi na Big Brother, iliyoanza Uholanzi mwaka 1999, na sheria za nyumba ile zimeigwa karibu kila mahali: hakuna simu, hakuna gazeti, hakuna saa ukutani, na kamera hazilali. Mtu akiwa humo huzungumza tangu anapoamka hadi anapolala, wiki baada ya wiki, na watu ambao hakuwachagua, mara nyingi usingizi haujamtosha na pombe iko karibu. Halafu kinachokufikia wewe ni saa moja kwa siku, tena ukiondoa matangazo haifiki hata saa. Mimi, wewe, au profesa yeyote wa chuo kikuu, tukirekodiwa hivyo kwa wiki tatu, dakika mbili za upuuzi zitapatikana tu. Mhariri hulipwa ili azipate.

Akishazipata, kazi ndiyo inaanza. Tuseme mshiriki ameulizwa maswali kumi, amejibu manane sawasawa. Manane hayo yanatupwa, kwa sababu mtu anayejibu vizuri hana mvuto. Linabaki la Sydney. Kati ya swali na jibu alinyamaza nusu sekunde, na nusu sekunde haichekeshi mtu. Basi mhariri anarudi kwenye picha za mchana, anapata pale msichana alipoinua macho kumtazama mjusi aliyepita darini, mdomo wazi kidogo. Anaichomeka hapo kwa sekunde tatu. Kisha anatafuta uso wa mwenzake akicheka kwa kuinama. Yule mwenzake alikuwa anacheka ndara iliyokatika, saa nzima kabla ya maswali, lakini ukiiweka hapo imekuwa anacheka jibu. Chini yake unatia kifilimbi kinachoyumba, ule muziki ambao hata mtoto wa chekechea akiusikia anajua kuna mtu wa kuchekwa. Sasa mjinga ameshatengenezwa. Na ukishtakiwa unaapa kwa moyo mweupe: swali aliulizwa, jibu alilitoa, uso ni wake.

Lile la Afrika Kusini nalo lina mlango wake. Kila kipindi kina kiti cha faragha, pale mshiriki anapozungumza peke yake. Peke yake si kweli. Nyuma ya kamera amekaa mtayarishaji mwenye karatasi ya maswali, na kitu cha kwanza anachomwambia mshiriki ni hiki: usijibu "ndiyo" au "hapana", anza kwa kulirudia swali, kwa sababu sauti yangu haitasikika. Ni utaratibu wa kawaida, hata mahojiano ya habari yana namna yake ya kuufuata. Lakini mtayarishaji akiuliza, "Afrika Kusini ni nchi, au ni upande wa bara?", na mshiriki mtiifu akarudia, "Afrika Kusini ni nchi au ni upande wa bara?" kabla ya kujibu, mkasi ukipita baada ya alama ya kuuliza, jibu lake limekwenda na maji. Ndiyo maana nikimwona mshiriki akijiuliza jambo la ajabu mbele ya kamera, hujiuliza kwanza ni nani aliyelitamka kabla yake.

Halafu kuna usaili, ambao ni mkasi wa kwanza kabisa. Kwenye mashindano ya uimbaji kama American Idol, wale maelfu unaowaona uwanjani hawaendi moja kwa moja mbele ya majaji maarufu. Hupita kwanza kwa watayarishaji, tena zaidi ya mara moja. Wazuri wanapita, na wabovu wa kupindukia wanapita pia. Wanaorudishwa nyumbani ni wale wa katikati. Kwa hiyo yule kijana anayelia kama paka mbele ya jaji na kusema ana kipaji cha Mungu, ameshaambiwa "umepita" na watu wawili watatu wa kipindi chenyewe. Akijiamini kupita kiasi, mnashangaa nini? Hapa kwetu, kwenye Tusker Project Fame, mashindano ya uimbaji yaliyoanza mwaka 2006, watu wengi walikaa kumsubiri jaji Ian Mbugua na ulimi wake mkali kuliko walivyosubiri nyimbo. Ukali huo unahitaji mtu wa kupigwa nao.

Sasa nikuhamishe kutoka kwenye chumba cha uhariri, kwa sababu hata kama kusingekuwa na mkasi wowote, bado mngemwona yule msichana mjinga. Hili lilipimwa.

Mwaka 1977, Lee Ross na wenzake Teresa Amabile na Julia Steinmetz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua wanafunzi wawili wawili. Kwa kuvuta karata tu, mmoja akawa muulizaji na mwingine akawa mjibu. Muulizaji aliambiwa atunge maswali kumi magumu kutoka kwenye mambo anayoyajua yeye mwenyewe. Wajibu walipata, kwa wastani, manne katika kumi. Jambo hilo ni la kutarajiwa. Ukiruhusiwa kuchagua uwanja, lazima ushinde. Lakini watu walipoulizwa nani ana ujuzi zaidi, watazamaji walisema muulizaji. Na wajibu wenyewe wakasema muulizaji. Kazi ziligawanywa kwa bahati tu, maswali yalitoka kichwani mwa mtu mmoja, na bado macho yao yaliona mwerevu upande huu na mjinga upande ule.

Hilo ndilo jambo ningependa ulichukue katika barua hii yote, Mama Salma. Runinga ndiyo muulizaji. Inachagua uwanja, inashika karatasi ya majibu, na inakualika ukae upande wake. Jibu la Canberra lilipoandikwa kwenye skrini, pale nyumbani mlihisi mnalijua. Ni wangapi kati yenu walilisema kabla halijaandikwa?

Mfanyie mumeo jaribio, kwa upole. Muulize mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, nchi iliyo ndani ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Akisema Bujumbura, mwambie tangu 2019 ni Gitega. Akiipata hiyo, mpe Côte d'Ivoire, ambako Yamoussoukro imekuwa mji mkuu tangu 1983 na dunia nzima bado inasema Abidjan. Kisha fanyeni mchezo wa Stanford wenyewe hapo sebuleni. Kama nyanya yake Salma yupo, yeye ndiye muulizaji mzuri zaidi. Atatunga maswali yake: kaskazi huanza kuvuma mwezi gani, bamvua huja mwezi ukiwaje, kwa nini wavuvi wengine hubaki pwani maji mafu, utamtambuaje nguru wa jana hata akiwa amewekwa barafu. Salma, kidato cha tatu, alama zake nzuri za jiografia mkononi, atakodoa macho. Hapo hapo mmrekodi, mkate, mtie kifilimbi.

Na kama mtu atasema hayo ya bamvua si akili, ni mazoea tu, yako matokeo ya hapa Kenya ya kumjibu. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Usenge, kando ya Ziwa Victoria, kwa watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Waliwapima kwa mitihani ya kawaida ya akili, na pia wakawapima ujuzi wa dawa za miti shamba: mtoto ana dalili hizi, apewe nini, kiasi gani. Waliofanya vizuri kwenye dawa walielekea kufanya vibaya kwenye mitihani ya msamiati wa shuleni. Maelezo ya watafiti ni kwamba kila familia ilikuwa imeweka juhudi zake mahali inapoona pana faida. Sasa yule mtoto wa dawa umpandishe jukwaani Nairobi, umuulize mji mkuu wa Australia.

Kuna kipimo kingine cha akili ambacho sisi watu wa Pwani tungekuwa wa kwanza kukikataa, nacho ni Kiingereza. Sehemu kubwa ya kinachochekwa kwenye vipindi vya eneo hili si kukosa maarifa hata kidogo. Ni mtu anayezungumza lugha yake ya tatu akiwa na usingizi, mbele ya kamera kumi. Kijana wa Kibokoni akishrabu neno moja, yaani akilitamka kwa lafudhi ya kwao, kwenye kipindi cha Nairobi, mtandao mzima unamwandama. Kisha sisi wenyewe hugeuka: mtu wa bara mwenye digrii mbili akisema "kitoto yangu imelala", tunatazamana na kumwona hamnazo. Wakenya kwa jumla tuna mazoea ya kucheka Kiingereza cha Watanzania, na nilikuwa nasikia kicheko hicho kila msimu wa Big Brother Africa. Tanzania ilishinda mashindano yale mara mbili, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, ambaye alirudi nyumbani na dola 300,000. Kenya na Kiingereza chake haikushinda hata mara moja, tangu 2003 hadi kipindi kilipokoma. Kuishi na watu wageni kwa miezi bila kuwaudhi hadi wakakutoa, kuna akili yake, na mtihani wake haufanywi kwa sarufi.

Nikueleze habari za mwanamke mmoja, maana yeye ndiye aliyefungua njia ambayo wengine wote wamepitishwa. Jade Goody alikuwa msaidizi wa daktari wa meno kutoka Bermondsey, London, alipoingia Big Brother ya Uingereza mwaka 2002. Alikuwa na miaka 20, akatimiza 21 akiwa humo humo. Babake alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya aliyejua jela. Mamake aliumia vibaya kwenye ajali ya pikipiki Jade akiwa mtoto mdogo, na mtoto ndiye aliyekuwa mlezi. Huyu ndiye aliyekalishwa mbele ya nchi nzima akachekwa kwa kutojua East Anglia ni sehemu ya Uingereza yenyewe. Aliitamka "East Angular" na alidhani iko ng'ambo. Magazeti ya udaku yalimwita nguruwe. Wasomi waliandika makala kuuliza nchi imefikaje huku. Ni wachache waliouliza shule zake zilikuwa zipi, au nani alipika chakula cha jioni kwao alipokuwa na miaka saba.

Jade hakukimbia. Aligeuza kicheko kikawa biashara: vitabu, manukato, vipindi vyake mwenyewe. Mwaka 2007 alirudishwa kwenye toleo la watu mashuhuri, na humo akamtendea Shilpa Shetty, mwigizaji wa India, kwa maneno ya kibaguzi. Hilo lilikuwa baya na alistahili kuambiwa. Malalamiko zaidi ya 44,000 yalipelekwa kwa Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza. Lakini hebu ona watu walivyochanganya mambo mawili: ukatili wake ulielezwa kama ujinga wake, kana kwamba mtu aliyesoma hawezi kubagua. Mwaka uliofuata, Agosti 2008, akiwa ndani ya nyumba ya Bigg Boss, ile Big Brother ya India, aliitwa akaambiwa kwamba vipimo vyake vimeonyesha saratani ya mlango wa kizazi. Alifariki Machi 22, 2009, na miaka 27, akaacha wavulana wawili. Aliugua hadharani kwa hiari yake, akisema wazi kwamba anauza picha hizo ili watoto wapate elimu ambayo yeye hakuipata. Na kati ya katikati ya 2008 na katikati ya 2009, wanawake wa Uingereza walikwenda kupimwa saratani hiyo zaidi ya mara 400,000 juu ya idadi ya kawaida. Madaktari wamezunguka na mabango miaka mingi bila kupata hayo. (Nikiwa hapo: chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kwa wasichana wa miaka kumi ilizinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019. Kama Salma ana mdogo wake, ulizia kituo cha afya.)

Nije kwa mumeo. Hoja yake ya kwamba wamejitakia ina uzito, siifichi. Hakuna aliyeburutwa. Tena wapo wanaoigiza ujinga wakijua wanachofanya. Paris Hilton, mwaka 2003 kwenye The Simple Life, aliuliza Walmart ni kitu gani, duka ambalo hakuna Mmarekani asiyelijua. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba alikuwa anacheza mhusika, na hata sauti ile ya kitoto haikuwa yake. Watazamaji walidhani wanamcheka, naye akicheka akielekea benki. Kwa mtu wa namna hiyo mcheke mnavyotaka, ni kazi yake kama ilivyo kazi ya mchekeshaji.

Ila hoja ya mumeo inavunjika mahali pawili. Kwanza, alichojitakia mshiriki ni kurekodiwa. Mjusi wa darini na kifilimbi hakuvijua. Mikataba ya vipindi vya Marekani iliyowahi kuvuja ina vifungu vinavyompa mtayarishaji ruhusa ya kumwonyesha mshiriki kwa namna ya kumdhalilisha, hata kwa mambo yasiyo ya kweli, na mtu wa miaka 21 huweka saini akiwa amesimama mlangoni na begi. Uingereza yenyewe ilifika mahali ikaona haitoshi kusema wamejitakia: tangu Aprili 2021 kanuni za Ofcom zinawalazimu watangazaji kuangalia hali ya washiriki wanaoweza kudhurika kwa kushiriki kipindi. Pili, huwa naona tofauti ya nani anaitwa mjinga na nani anaitwa mcheshi. Kijana wa kiume akisema Sydney, ni "huyu jamaa ana vituko". Msichana mwenye kucha ndefu na kope za kubandika akisema Sydney, ni "kichwa maji". Mwulize mumeo anakumbuka majina ya wavulana wangapi waliokosa.

Mtu aweza kuniambia, "Wewe nawe, Mswahili gani asiyependa mzaha?" Mimi ni wa kwanza kupenda. Mji huu umejengwa kwa vijembe. Muyaka bin Haji aliwatupia watu wa Lamu mashairi makali, na Lamu hawakukaa kimya. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa karne iliyopita, kama Ibinal Watan na Banu Saada, walitukanana kwa nyimbo mpaka mtaa mzima ukajua nani kasemwa bila jina kutajwa. Taarabu ya mipasho imerithi hayo. Lakini katika yote hayo aliyesemwa alikuwa na ngoma yake. Alisikia leo, akatunga kesho, akajibu Ijumaa mbele ya watu wale wale. Mshiriki wa riyaliti amefungiwa ndani bila simu wakati nchi nzima inamtupia mawe, na siku anapotoka na kurudishiwa simu yake anazisoma zote kwa usiku mmoja.

Hapo ndipo lilipo jibu lako kuhusu Salma. Mimi nisingemkataza kutazama, wala kucheka sebuleni. Ninachokiona tofauti ni kile kipande. Ukicheka nyumbani, kicheko kinaishia ukutani. Salma alipokata sekunde kumi na mbili, akaandika "kichwa maji" na kurusha, alikuwa mhariri wa tatu: mtayarishaji alishachuja, mhariri wa kipindi alishachuja, naye akachuja kile kilichobaki. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno ya kazi, bila hotuba. Watoto wa umri wake wakihubiriwa huziba masikio, lakini ukiwaonyesha namna walivyotapeliwa hukasirika wenyewe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 ina kifungu cha 27 kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni. Kipande kimoja cha mzaha si lazima kikufikishe huko, lakini msichana anayekaribia kumaliza shule ni vizuri ajue kwamba kipo. Akifute kile kipande. Kama amejibizana na watu kwenye maoni chini yake, afute na hayo.

Badala yake mpe kazi, na nakuhakikishia ataipenda. Akae na kalamu akitazama kipindi kijacho. Atazame glasi mezani: ikijaa, ikapungua, kisha ikajaa tena katika mazungumzo yale yale, ajue yameungwa kutoka nyakati mbalimbali. Atazame mwanga dirishani, hereni, mkunjo wa mtandio. Asikilize sauti ya mshiriki inapoendelea huku kamera ikionyesha mgongo wake, au mti, au uso wa mtu mwingine. Maneno ambayo hukuyaona yakitoka mdomoni yanaweza kuwa yametoka siku nyingine. Akisikia sentensi ambayo katikati yake sauti inapanda ghafla kama imerukwa na pumzi, hapo pameshonwa. Ahesabu ni mara ngapi uso unaocheka unaonyeshwa pamoja na anayechekwa kwenye picha moja, na mara ngapi vimetenganishwa. Wanafunzi wangu hulifanya zoezi hili wiki ya kwanza, na wengi hawawezi tena kutazama kama walivyokuwa wakitazama. Akitaka kuendelea na TikTok, arushe hayo. Nimeona kurasa za kufichua mkasi zikipata watazamaji wengi kuliko za matusi.

Mwisho, mpwa wako wa Mtwapa. Msimzuie kama ni mtu mzima na anataka. Fedha zipo na milango hufunguka. Lakini kaeni naye kabla hajaenda. Aulize kipindi kinarekodiwa muda gani na kinaonyeshwa lini, kwa sababu kinachorekodiwa kabla hakina njia ya kusahihishwa na kura za watazamaji. Aulize ni nani atakayekuwa anazungumza naye akichoka, na kama huduma hiyo inaendelea akishatoka. Kwenye kiti cha faragha asikubali kurudia maneno ambayo si yake, aombe kusema kwa namna yake, na akiambiwa arudie swali, alirudie kama kauli: "Afrika Kusini ni nchi." Akiulizwa asilolijua, aseme "sijui" na anyamaze. Neno hilo halikatiki vizuri na mhariri hana la kulifanyia. Kukisia kwa sauti ndiko kunakotafutwa. Pombe, kama anakunywa, aache mpaka atoke. Akaunti zake za mitandao amwachie dada au rafiki mmoja anayemwamini, na huyo asimsomee maoni hata akiomba, angalau wiki ya kwanza.

Na mkataba aombe nakala siku mbili kabla, aje nao nyumbani, mumpelekee wakili ausome. Wapo wengi hapa mjini, na ada ya kusoma karatasi moja haimfilisi mtu. Wakisema nakala haitoki, saini ni papo hapo au nafasi aende mwingine, basi nafasi aende mwingine.